Kifungo cha Koti la Baba

9 Februari

Kaka yangu,

Sasa hivi, nikiwa bado natafuta kalamu inayoandika, mpwa wako amekata waya wa hedifoni kwa mkasi wa Mama. Mkasi mkubwa wa vitambaa, ule ambao mimi na wewe tukiugusa tulikuwa tunachapwa. Alikuwa amekaa chini ya meza ya cherehani, kimya, na mimi kwa ujinga wangu nikajisemea leo mtoto katulia. Kuinama kumtazama, waya uko vipande viwili, na yeye ananinyooshea kimoja kila mkono kama muuzaji anayeuliza unataka upi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mkasi."

Ndiyo maana tunamwita Bosi. Kosa halijawahi kuwa lake.

Shikamoo, kaka. Sisi hatujambo. Mama mzima, goti linamsumbua asubuhi tu, akishaanza kukanyaga cherehani goti linasahau. Baba Bosi bado ana ile kazi ya mabomba kwenye jengo la ghorofa, anarudi nyumbani amelowa hata siku ya jua kali. Mimi natia zipu na kupiga pasi sare za shule. Kola Mama hanipi, anasema mkono wangu una haraka. Kweli una haraka, lakini mwaka huu atanipa, utaona.

Tuje kwenye albamu mbili ulizonitumia kwenye memori kadi. Nimefuata sheria: kusikiliza nzima bila kuruka wimbo, bila kuuliza mtu mwingine anaonaje, na kuhesabu kwa vifungo. Juzi Baba Bosi aliniuliza kwa nini tusiseme tu nzuri au mbaya kama watu wengine. Nikamsimulia Jumapili zetu, redio juu ya kabati, Mama anashona, mimi na wewe sakafuni na kopo la vifungo, kila wimbo ukiisha tunauwekea vifungo mezani, kimoja hadi vitano. Nikamweleza na kile kikubwa cheusi cha koti la marehemu Baba, ambacho ni Mama peke yake mwenye ruhusa ya kukitoa, kwa wimbo utakaomfanya asimamishe cherehani. Akauliza, "Kimewahi kutoka?" Nikamwambia bado. Akasema mama mkwe wake ni mtu mgumu, tena alisema kwa sauti ya chini maana Mama alikuwa chumba cha pili.

*Umeme Umerudi*, ya wale vijana wa roki: vifungo vitatu. Wimbo wa kwanza niliupenda mpaka nikatia zipu upande usio wake. Yule wa dramu anapiga kama mtu anayeshusha magunia na anataka kuwahi nyumbani, na gitaa linakwaruza kule kukwaruza kuzuri kusikoumiza meno. Lakini kufika katikati wanapiga kelele bila hasira. Mtu akipiga kelele mimi nataka kujua kaudhiwa na nani. Hawasemi.

*Kisima cha Pili*, ya yule mama wa gitaa kavu na fidla: vinne. Kuna wimbo wa mtu anayeanua nguo mvua ikija. Hakitokei kitu kingine, anaanua tu, shati baada ya shati, na mimi nikajikuta nje nimeshika kamba ya nguo na jua linawaka. Cha tano nimemnyima kwa sababu ya wimbo wa mwisho. Unaaga na kuaga kama mgeni aliyesimama mlangoni na haondoki.

Nimerudi kuandika, sasa ni jioni. Baba Bosi ametengeneza hedifoni. Ndani ya waya kuna nyuzi nyembamba kama nywele, nyingine nyekundu nyingine kijani, na ile nyekundu imekatwa karibu kabisa na mzizi, haishikiki. Akasema hilo si tatizo, bomba moja likiziba unavuta maji kwenye bomba la jirani. Akaunganisha masikio yote mawili kwenye ule uzi wa kijani, akazungushia utepe mweupe wa mabomba. Na kweli yanaimba yote, kushoto na kulia. Spika ya simu yangu unajua ilishakufa zamani, kwa hiyo hapa ameniokoa. Nimemwita daktari jioni yote hii, anatembea kifua mbele.

Dereva wa lori anapita kesho kuchukua sare, nampa barua hii.

Mdogo wako.

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu kibandani mpaka mwenye kibanda akanitazama vibaya. Mwambie Bosi mjomba wake anamtetea, mkasi ule tangu zamani una tabia mbaya. Na msalimie daktari wa mabomba.

Mimi nipo, kazi ni ile ile. Asubuhi mpaka jioni watu wananiletea memori kadi niwajazie nyimbo. Jana kaja mzee mmoja, namuuliza unataka nyimbo za aina gani, anasema za kunyolea ndevu. Nikamtilia *Umeme Umerudi*. Leo karudi na plasta shavuni, anataka zingine za hivyo hivyo. Unaona basi kwamba vifungo vitatu ni uchoyo. Mimi nilikuwa nimeipa vinne. Ila kwenye *Kisima cha Pili* umenikamata, yule mgeni wa mlangoni hata mimi alinichosha, nikawa namwonea haya kusema.

Goti la Mama lifungwe kitambaa cha moto asubuhi kabla hajashuka kitandani. Atakataa. Mfunge tu.

Sasa sikiliza. Kwenye kadi hii kuna albamu moja peke yake. Haina jina wala picha, haijatoka. Ni ya rafiki yangu mmoja wa huku. Gitaa kavu, nyimbo tisa, amezirekodi siku za mapumziko kwenye studio ya jamaa mmoja nyuma ya duka la magodoro. Fundi wa studio amemwambia aamue kabla mwezi wa saba haujaisha. Akiamua itoke, itatoka. Akikaa kimya itafutwa, maana mashine imejaa na watu wengine wanangoja nafasi.

Rafiki yangu huyu ni mtu wa aibu. Gitaa lake halimpi wasiwasi, ni mengine yanayompa wasiwasi. Hataki kuuliza watu wa hapa kwa sababu watamsifu usoni. Nimemwambia nina dada huko nyumbani asiyejua kudanganya hata umfundishe. Basi amekubali. Utakachosema wewe ndicho atakachofanya, kutoa au kufuta. Mimi mwenyewe sitii neno.

Mama asiisikie kwanza. Ni wewe tu.

Kaka yako.

2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Bosi amejifunza kuhesabu. Anasema moja, mbili, basi. Nikimwambia kuna tatu ananitazama kama namtapeli.

Mama amefungwa kitambaa cha moto. Kwanza alikataa, halafu akasema hakimsaidii, halafu jana nilipochelewa akaniita, "Na kile kitambaa changu kiko wapi?" Kola bado sijapewa. Nimepewa mifuko. Mfuko wa shati si mchezo, upindo ukienda upande shati zima linaonekana limelewa. Mama aliupima wa kwanza, akaufumua. Wa pili akaupima, akanyamaza. Mama akinyamaza ujue umefaulu.

Nimeisikiliza albamu ya rafiki yako. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko zote ulizonitumia, kwa sababu ulisema ni neno langu, na jambo hilo lilinikaa kifuani. Mimi niliyeishia shule ya msingi nimwambie mtu atoe au afute. Lakini umesema sijui kudanganya, basi nasema kama nilivyosikia.

Gitaa lake nimelipenda. Linajua kungoja. Kuna mahali analipunguza taratibu, kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite, na mimi nanyamazisha hata pasi, nangoja huyo mwenzake. Hapiti mtu. Gitaa linarudi tena, linazunguka, linafungua mlango tena, hakuna. Nyimbo zote tisa ziko hivyo. Kwa mbali sana nasikia kama mtu anapumua chumba cha pili, basi. Wimbo wa nne ndio ulionitesa zaidi, una mwendo ninaoujua na siwezi kusema nimeujulia wapi.

Mwambie atafute mwimbaji. Nyimbo hizi zinamlilia mtu, peke yake hazitoshi. Si aibu, wengine wamejaliwa vidole na wengine koo. Na kama hataki mwimbaji, basi aliache gitaa liseme lenyewe, wapo wanaopenda hivyo. Ila mimi hapana. Mimi nampa vifungo viwili, na vyote ni vya gitaa.

Usimfikishie kwa ukali. Wewe una maneno laini, mwambie mimi ni mshona zipu tu.

Baba Bosi anakusalimu. Tutumie nyingine haraka, za roki safari hii, nina mzigo mkubwa wa mashati na roki inasukuma pasi vizuri.

Mdogo wako.

24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi, kazi zilinibana. Nafurahi Mama anakubali kitambaa. Hongera kwa mifuko.

Rafiki yangu amepata ujumbe. Anashukuru. Amesema umesema kweli na kwamba alikuwa anajua. Usimtafutie mwimbaji, hahitaji. Gitaa ameshalirudisha kwenye mfuko wake, limekaa juu ya kabati.

Za roki sina kwa sasa. Kibandani hakuna kipya.

Mbusu Bosi.

Kaka yako.

16 Juni

Kaka,

Shikamoo. Bosi amelala mgongoni mwangu na ameshika sikio langu, kila nikiinama kuandika analivuta. Vumilia mwandiko.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Niliigeuza nyuma nione kama kuna maneno mengine. Halafu, kibandani hakuna kipya? Kibanda ambacho mtu akipiga chafya mahali popote duniani na gitaa mkononi, ninyi mnayo kabla hajajifuta pua? Nikakupigia. Ukasema mzima, mzima, mteja amekuja. Mara ya pili tena mzima, mteja. Nikamwambia Mama kaka ana wateja wengi siku hizi. Mama akasema, "Ana kitu," akaendelea kushona.

Sasa nikueleze la jana, ukae chini kwanza.

Jana dereva wa lori alikuja kuchukua sare. Nikamsaidia kupakia, Bosi yuko mgongoni. Tulipomaliza akaniambia, "Shemeji, usinikasirikie. Ile kadi niliyokuletea kipindi kile niliinakili. Safari ni ndefu na redio ya lori inajua taarifa ya habari tu."

Nikamwambia hakuna neno.

"Yule jamaa ameshatoa albamu yake?"

"Jamaa gani?"

"Huyu anayeimba. Wa gitaa kavu."

"Wa gitaa kavu haimbi," nikamwambia. "Ndiyo shida yake."

Akacheka. "Haimbi? Mimi naimba naye kila mlima, wewe unasema haimbi. Panda."

Nikapanda mbele upande wa kulia, maana lori lake usukani uko kushoto, Bosi mapajani. Akawasha. Gitaa likaanza upande wake, kwenye spika ya mlango wa dereva, lile lile ninalolijua. Likapungua, likashika mlango kama kawaida yake. Na mlangoni kwangu, karibu na goti langu, mtu akaanza kuimba.

Kaka, mimi nilikuwa bado natafuta ni nani. Aliyesema ni Bosi. Alishuka mapajani, akaweka sikio kwenye spika, akabisha mlango wa lori kwa kiganja. "Mjomba," akasema. "Toka."

Dereva akauliza, "Mjomba wake ndiye huyu?" Nikamwambia ngoja kwanza, usizime.

Ni dereva aliyenieleza. Muziki umerekodiwa pande mbili, kila sikio na lake, kushoto uzi wa kijani, kulia uzi mwekundu. Wewe ndiyo kazi yako, unajua kuliko mimi. Na mimi nina mume aliyeyaunganisha masikio yote mawili kwenye kijani. Tangu Februari nasikia upande wa kushoto mara mbili. Ndiyo maana hata *Umeme Umerudi* nilipoirudia niliona kama gitaa moja limetoroka. Baba Bosi alipoambiwa alikaa kitandani na viatu vyake vya matope, akasema, "Lakini maji yalikuwa yanatoka." Hakuna anayemwita daktari tena.

Kwa hiyo vile vifungo viwili navirudisha kwenye kopo. Nataka uelewe vizuri, sikukusikia. Si kwamba nilikusikia nikakuzungukia kwa maneno ya heshima. Sikukusikia kabisa. Na nikirudia niliyoyaandika, wengine wamejaliwa vidole na wengine koo, natamani ardhi inimeze.

Nimezisikiliza zote tisa, dereva alikubali kuchelewa. Vifungo vinne, na ni vya haki, si vya udugu. Sauti yako siku hizi imekuwa nzito chini na nyembamba juu, na pale inapokaribia kukatika huiokoi, unaiacha ikatike kidogo. Hapo ndipo penyewe. Dereva hapo ndipo anapoimba kwa nguvu. Na mwendo wa wimbo wa nne sasa nimeujua, nilipousikia pamoja na sauti yako. Ni mguu wa Mama kwenye cherehani. Umeutoa humu ndani mwetu.

Kifungo cha tano nimekunyima, nitakuambia kwa nini. Umekaa pembeni. Gitaa limejaa chumba na wewe uko mlangoni kama mtu aliyekaribishwa kiti akasema hapana, hapa panatosha. Nani kakuweka hapo? Ingia ndani ukae katikati.

Na huyo rafiki wa aibu mwambie nimeshamjua, asilete habari zake za gitaa juu ya kabati. Niambie tu hajafuta.

Mdogo wako.

5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine.

Barua yako niliifungulia kibandani nimesimama, nikafika pale kwenye maji yalikuwa yanatoka, nikacheka mpaka mteja akauliza kama kadi yake imeharibika. Halafu nikafika pale kwa Bosi na mlango wa lori, nikamwomba mwenye kibanda dakika chache, nikaenda kukaa nyuma kwenye kreti za soda.

Niliitafuta barua yako ya Februari nikaisoma tena. Uliandika wazi kabisa, uzi mwekundu haushikiki, yote yameunganishwa kwenye kijani. Mimi ninayekula kwa nyaya nikasoma, nikacheka, nikamtumia salamu daktari. Kwa hiyo usimwonee Baba Bosi peke yake.

Umeuliza nani kaniweka pembeni. Ni mimi. Fundi wa studio alitaka sauti ikae katikati kama za watu wote. Nilimwomba aisukume kulia, ili mtu asiyeitaka atoe sikio moja abaki na gitaa. Alinitazama sana. Akasema hajawahi kuombwa kitu kama hicho, lakini albamu ni yangu.

Unaikumbuka harusi ya shangazi, niliposimama kuimba mbele ya watu na sauti ikanikatika katikati. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa umelala kwenye viti. Tukiwa tunarudi nyumbani nilimuuliza Mama nilikuwaje. Akaniambia, "Mwanangu, liache gitaa liseme lenyewe." Hakusema vibaya. Alisema vile anavyosema uzi huu haufai kitambaa hiki. Nikamtii. Basi na wewe ulipoandika maneno yale yale, nikajua mmeongea, na kwamba jibu halijabadilika.

Sijafuta. Nilikwenda mara mbili kumwambia fundi afute na mara zote mbili nikanunua mto nikarudi. Nina mito mingi sasa. Baada ya barua yako nilikwenda tena, nikamwomba ausogeze wimbo wa nne katikati, huo mmoja tu. Umo kwenye kadi hii. Kwenye bahasha nimeweka na spika ndogo, inachajiwa kama simu. Mwambie Baba Bosi asiifungue.

Nyingine nane sijazigusa. Mwezi ukiisha fundi ataomba neno langu, na sitaki kumdanganya kwamba ninalo. Vifungo vyako vinne nimevipokea, Mungu anajua nimevipokea. Lakini unajua kifungo ninachokifikiria.

Msikilizishe Mama. Au usimsikilizishe. Nimeiandika hiyo sentensi mara kadhaa na sikuweza kuchagua, kwa hiyo nakuachia wewe.

Kaka yako.

24 Julai

Kaka,

Bosi sasa hivi ameweka spika yako ndogo ndani ya kiatu cha baba yake, akaifunika na soksi, akaiambia ilale. Nimeichukua nimeifuta vumbi, inafanya kazi. Anadai alikuwa anakulaza wewe.

Shikamoo. Dereva wa lori yuko nje anagombana na tairi, akimaliza anaondoka na barua hii, kwa hiyo naandika mbio. Amesema ataifikisha kabla mwezi haujaisha hata ikibidi alale barabarani. Ana shauku kuliko mimi, anataka nyimbo zote tisa zikae katikati kwa sababu spika yake ya kulia imeanza kukoroma.

Nimepewa kola. Nilikuambia.

Nilikaa na kadi yako siku kadhaa bila kuitumia. Kila nikiishika naona ni kama nimebeba yai kwenye kijiko. Jana, tukiwa tunakata nyuzi, nikamuuliza Mama kama kwa mbali tu, "Mama, unakumbuka harusi ya shangazi, kaka alipoimba?"

Akafikiri. "Si ndiyo siku aliyokuwa na mafua?"

"Mafua?"

"Alikuwa na mafua makali, hata chai haimezeki. Nilimwambia asiimbe, yeye na ukaidi wake akaimba. Koo likamkatikia mbele za watu. Tukiwa njiani ananiuliza alikuwaje, nikamwambia liache gitaa liseme, pumzisha koo hilo." Akakata uzi kwa meno. "Mpaka leo hajaniambia kama lilipona."

Kaka, nilitoka nje nikasimama karibu na mapipa. Miaka yote hii. Mama alikuwa anakuambia unywe maji ya moto ulale.

Sikumwambia chochote. Sikutaka asikilize akiwa anakuonea huruma, maana ungejua, na mimi pia ningejua. Nimetaka usikike kama wimbo wowote wa Jumapili kutoka juu ya kabati. Kwa hiyo leo, tangu nilipoanza barua hii, spika iko juu ya kabati, nimemwambia ni nyimbo mpya ulizotutumia kutoka kibandani. Nimeanza na ile *Kisima cha Pili* ili azoee. Yeye anashona chumba cha mbele, mimi niko huku nyuma ya pazia nimeweka karatasi juu ya meza ya pasi. Wa kuanua nguo umepita. Amesema, "Huyu mama ana sauti nzuri," na cherehani haikupunguza hata kidogo. Kwa Mama hivyo ni kama vifungo vitatu.

Sasa unaanza wako.

Gitaa limeingia. Cherehani inakwenda. Nasikia mguu wake na gitaa lako vinakwenda pamoja, sijui nani anamfuata nani. Bosi kaja kunishika gauni, nimemwekea kidole mdomoni, na yeye kaniwekea cha kwake.

Umeimba mstari wa kwanza. Uko katikati kabisa, kaka, umejaa chumba. Cherehani inakwenda.

Wa pili. Inakwenda bado. Nisamehe kama barua hii itaishia hivi, nitakuambia vile vile ilivyokuwa, na vyangu vitakuwa vitano hata iweje, kwa sababu sasa umeingia ndani ukakaa.

Umefika pale inapokatika. Umeiacha ikatike.

Cherehani imesimama.

Huenda ni uzi umekwisha, ngoja nichungulie. Si uzi. Uzi umejaa. Ameshika gurudumu kwa kiganja na anatazama juu ya kabati, miwani ameipandisha kwenye paji. Gitaa linazunguka peke yake sasa, umerudi tena, na mguu wake hauendi. Bosi ameshamkimbilia, anamwambia, "Mjomba huyo, Bibi, ametoka." Mama anafuta miwani kwa kipande cha sare.

Ananiita. Dereva naye anapiga honi huko nje, ngoja nimalizie. Ananiita tena, kwa jina langu lote. Anasema niache kalamu nije na kopo, nimtafutie humo kile cheusi cha